Maji Yanayonukia Waridi

Basi la kutoka Mombasa lilipofunga breki pale steji ya Garsen, Abdia alianza kupiga kelele hata kabla mlango haujafunguka.

"Kondakta! Boksi langu! Usiliburute hivyo, lina roho ndani!"

Watu wakageuka. Akina mama wa sambusa, wauza maji baridi, abiria wa Hola na wa Lamu waliokuwa wakigombea kivuli cha ukuta mmoja, wote walimtazama yule msichana mrefu wa dera la zambarau, mtandio mweupe umemteleza hadi mabegani, mikono ameinyoosha juu kama anayepokea mtoto mchanga. Kondakta akalishusha boksi. Lilikuwa limelowa chini, na maji yakaanza kudondoka kwenye vumbi.

"Linavuja! Wallahi linavuja! Samaki wangu!"

"Liweke chini," sauti ya mwanamume ikasema nyuma yake. "Polepole dada, usilitikise."

Abdia akageuka. Aliyesema alikuwa kijana wa shati la kijani, mikono ya shati kaikunja hadi kwenye viwiko, begani ana gunia la chakula cha samaki aliloshusha kutoka basi hilohilo. Akalitua gunia lake, akamwendea muuza maji mmoja, akachukua ndoo tupu, kisha akafanya jambo lililomshangaza Abdia: akaitumbukiza pua ndani ya ndoo na kuinusa.

"Mama, hii umeiosha kwa sabuni?"

"Sabuni nitaitoa wapi mimi? Nimeisuuza tu," akajibu yule mama.

"Basi inafaa."

Akalifungua boksi, akaunyanyua mfuko wa plastiki uliotoboka, akamimina samaki ndani ya ndoo pamoja na maji yao yaliyobaki. Walikuwa wadogo, wenye mikia myepesi kama leso za hariri, na wawili watatu wa rangi ya dhahabu. Wote walikuwa wanaogelea. Abdia akashusha pumzi, akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Ahsante, kaka. Lakini kunusa ndoo ya watu!"

"Pua ndiyo mashine yangu," kijana akasema, naye akatabasamu, na meno yake yakamfanya Abdia asahau jua lililokuwa likimchoma. "Sabuni kidogo tu, samaki hawa hawafiki jioni. Naitwa Dawood. Nafuga perege na kambare kule Tarasaa."

"Mimi ni Abdia. Duka langu ni lile pale, la mlango wa samawati. Nisaidie kubeba, basi."

Dawood akabeba ndoo, Abdia akabeba boksi tupu asijue analipeleka wapi, na gunia la chakula cha samaki likasahauliwa pale steji hadi mama wa sambusa alipowapigia ukelele.

Duka la Abdia lilikuwa la madera, mitandio na marashi. Nyuma, karibu na dirisha, alikaa Lorna, fundi cherehani, Mgiriama wa Tarasaa mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Tangi la kioo lilisimama katikati, Abdia amelinunua ili wateja wapate cha kutazama wakisubiri nguo zao. Mama yake, aliyefuga ng'ombe malisho ya Minjila miaka yote hadi ukame ulipowamaliza, alikuwa ameshalitazama tangi lile na kutoa hukumu yake: "Hawaliwi, hawakamuliwi, hawachinjwi Idi. Sasa wanafugwa kwa nini?"

Dawood alianza kuja dukani kila alipokuja mjini. Alikuja asubuhi, na magari ya kwanza kutoka Tarasaa, kabla wateja hawajajaa. Alisema anakuja kuangalia maji.

"Na vile vipimo vya dawa wanavyouza mijini?" Abdia alimwuliza siku moja. "Vya kuchovya vikageuka rangi?"

"Vyangu vilikwisha. Vingine vikifika, vimefika. Njoo nikuonyeshe."

Akachota maji kwa bilauri, akaishika mbele ya karatasi nyeupe. "Tazama. Yakiwa meupe kama yametiwa maziwa, tangi bado ni jipya, usiogope sana. Yakiwa kijani, jua linaingia mno. Yakiwa na umanjano, umewalisha kupita kiasi. Nusa. Yakinuka kama yai bovu, kuna kitu kinaoza chini ya changarawe. Tazama na povu: likikaa juu bila kupasuka, badilisha maji. Si yote. Sehemu tu, na ya kuongeza yawe yamelala wazi tangu jana, dawa ya mfereji itoke."

"Kwa hiyo yakiwa maangavu, hayanuki, hayana povu, ni mazuri."

"Hapana. Hapo ndipo watu wanapoponzeka. Maji yanaweza kung'aa hivi na yana sumu. Sumu nyingine haina rangi wala harufu. Mwisho wa yote unamtazama samaki mwenyewe. Akikunja mapezi, mashavu yakawa mekundu, akapanda juu kuhemahema, amini yeye, usiamini maji."

Abdia alikuwa akimtazama Dawood, si samaki.

"Umenisikia?"

"Nimesikia. Mashavu yakiwa mekundu."

"Ya samaki," Lorna akasema kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa. "Yako wewe ni ugonjwa mwingine."

Wote watatu wakacheka. Tangu siku ile simu ya Abdia haikupumzika. Dawood alipiga akiwa kwenye mabwawa, vyura wanasikika nyuma yake.

"Wameamkaje watoto?"

"Wazima. Yule mnene wa dhahabu, Lorna amempa jina Chifu. Anasukuma wenzake kwenye chakula."

"Na mama watoto ameamkaje?"

"Mama watoto gani? Umeoa lini?"

"Bado. Naulizia tu, roho yangu, nijue foleni ni ndefu kiasi gani."

"Foleni ina mtu mmoja," Abdia alisema, akakata simu upesi, akabaki ameikumbatia kifuani.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia kwisha, duka likafurika. Wanawake walikuja kutoka Minjila na vijiji vya mtoni kutafuta nguo za Idi. Abdia, kwa kuwa kila aliyeingia alikwenda kwanza kwenye tangi, akaihamishia meza ya marashi palepale kando yake. Chupa za waridi, za asumini, za udi. Wanawake wakawa wanajipulizia mikononi na shingoni, wanacheka, wananunua.

Siku zizo hizo samaki wakaanza kufa.

Kwanza mmoja wa mkia wa hariri. Kisha wawili. Dawood akaja asubuhi, akachota, akanusa, akatazama. Maji yalikuwa maangavu. Akaagiza wengine wapya kutoka Mombasa kwa jina lake. Nao, baada ya siku chache, wakakutwa wameelea ubavu.

"Ni nini, Dawood?"

Akaizungusha bilauri kwenye mwanga. "Sijui, Abdia. Chakula si kingi, hakuna kinachooza. Sijui."

Binamu yake Abdia, Farah, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu mlango wa pili, alisubiri Dawood aondoke ndipo akaingia.

"Dada, mimi sipendi maneno. Lakini fikiria. Samaki wakifa, nani anaagiza wengine? Yeye. Unapata wapi mtu wa samaki asiyejua samaki wanakufa kwa nini? Anakuletea wagonjwa, wallahi. Na watu wa kwao si watu wetu, unajua mwenyewe."

Abdia alimfukuza. Lakini neno lile likabaki ndani kama mwiba kisiginoni. Dawood alikuwa Mpokomo, wa Hola. Yeye Abdia, Mworma. Wote Waislamu, ndiyo, ila ile miaka mibaya ya vita vya malisho na mashamba hakuna aliyeisahau, na mama yake hakuwa amemkaribisha Mpokomo nyumbani tangu wakati huo. Jioni ile alipokuta samaki mwingine amekufa, akapiga simu akiwa na hasira na njaa ya saumu.

"Dawood, niambie ukweli. Samaki unaoniletea ni wazima?"

"Una maana gani?"

"Naona wanakufa, na kila wakifa wewe ndiye unayeagiza. Watu wanasema."

"Watu gani? Mimi nakuuliza wewe unasema nini."

"Mimi sijui niseme nini! Wewe mwenyewe unasema hujui!" Kimya. Akasikia vyura. "Umenyamaza? Basi ni kweli."

"Nimenyamaza kwa sababu nikisema sasa hivi nitasema baya," Dawood akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi mbele za watu. "Kama ndivyo unavyoniona, Abdia, basi. Idi njema."

Simu ikakatika. Hakupiga tena, wala Abdia hakupiga. Idi ikaja na ikapita. Alivaa dera jipya la rangi ya dhahabu, wakamsifu, akarudi nyumbani mapema akasema kichwa kinamwuma.

Tangini akabaki Chifu peke yake, mkubwa wa mwili, ndiyo maana alihimili. Abdia akaanza kumtazama kama alivyofundishwa. Ijumaa moja alifungua duka baada ya sala tu. Akamkuta Chifu mchangamfu, mapezi yamekunjuka, anazunguka kama mfalme. Saa za alasiri wanawake wakaja, kulikuwa na arusi kesho yake, wakajaa, wakapulizia, wakanunua. Kufikia magharibi Chifu alikuwa juu, mdomo nje, anahemahema.

"Lorna! Njoo uone. Mchana alikuwa mzima kabisa."

"Maji yamechafuka."

"Maangavu." Akachota bilauri, akanusa. "Na hayanuki."

"Humu ndani utasikia harufu gani wewe?" Lorna akasema. "Duka lote ni marashi. Mimi nikifika nyumbani mume wangu hudhani nimetoka kwenye fungate."

Abdia akamkodolea macho. Kisha akatoka na bilauri, akapita mlango wa nyuma hadi kwenye uwanja mtupu, upepo unavuma kutoka mtoni. Akasimama, akavuta pumzi mara kadhaa pua isafike, akainusa tena ile bilauri.

"Lorna," akaita. "Hayanuki."

"Si nimesikia."

"Yananukia. Maji yananukia waridi."

Lorna akaja, akanusa, akashika kiuno. Kweli. Juu ya maji, ukiinamisha bilauri kwenye mwanga, kulikuwa na utando mwembamba kama wa mafuta. Walirudi ndani mbio. Pampu ya hewa, kile kidude cha kupuliza mapovu tangini, kilikuwa kimekaa nyuma ya chupa za marashi, kinavuta hewa ya pale pale wanawake walipojipulizia kutwa nzima na kuipeleka yote majini. Usiku duka likifungwa harufu ilipungua, maji yakapata nafuu. Na Dawood siku zote alikuja asubuhi.

"Mungu wangu," Abdia akasema. "Nilikuwa nawapulizia sumu kwa mkono wangu mwenyewe."

Wakaihamisha pampu hadi dirishani kwa Lorna, meza ya marashi wakaipeleka mlangoni. Wakatoa sehemu ya maji, wakatia yaliyolala wazi ndooni. Wakafanya hivyo tena kesho yake na kesho kutwa. Wateja wakaja, wakapulizia, wakaondoka, na magharibi ilipoingia Chifu alikuwa chini, anadonoa changarawe kwa utulivu. Abdia akaweka paji la uso kwenye kioo. Hakujua kama anacheka au analia.

Akapiga simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Hakuna.

Jumatatu Lorna alifika kutoka Tarasaa akiwa na uso wa kazi. "Sikiliza, na usizimie. Dawood anauza vifaa vyake. Amepata kazi Kisumu, kwenye mabwawa makubwa ya ziwani. Anaondoka wiki hii."

Abdia akainuka. Alivaa buibui lake jeusi lenye nakshi za fedha mikononi, akafunga mtandio wa samawati, akampa Lorna funguo za duka, akatoka.

Kule Tarasaa alimkuta Dawood ndani ya bwawa la mwisho, suruali kaikunja hadi magotini, anavuta wavu. Dawood alimwona, akaendelea kuvuta.

"Salaam aleikum," Abdia akasema ukingoni.

"Waaleikum salaam. Nani amekufa?"

"Hakuna. Chifu ni mzima." Akapiga hatua moja mbele. "Nimejua ni nini. Ni marashi, Dawood. Pampu ilikuwa inavuta marashi. Ni mimi niliyehamisha meza. Si wewe, si samaki wako. Nimekuja kukuomba msamaha."

Dawood akauachia wavu. Alisimama majini akitazama mikono yake. "Marashi," akasema taratibu. "Na mimi nilikuja kila asubuhi kunusa kama mjinga." Akatikisa kichwa. "Lakini Abdia, samaki si kitu. Samaki hufa. Nilichoumia ni kwamba ulimsikiliza mtu wa pembeni kabla ya kunisikiliza mimi. Nikajiambia, kama ni hivi kwa samaki, itakuwaje kwa mambo ya nyumbani?"

"Najua. Na ningekuwa wewe, pengine nisingepokea simu pia." Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Farah alisema watu wa kwenu si watu wetu. Nikaogopa. Sikumwogopa Dawood, niliogopa hayo. Na badala ya kukuambia naogopa, nikakutukana."

Upepo ukapita juu ya maji. Dawood akasogea hadi ukingoni, akamtazama vizuri, kisha akavuta pua.

"Leo hukujipulizia chochote?"

"Nitathubutu?"

Kicheko kikamtoka Dawood bila kutaka, na Abdia akakisikia kikimwingia mwilini kama maji baridi baada ya adhana ya magharibi.

"Usiende Kisumu," akasema.

"Niliamua kwenda kwa sababu nilidhani hapa sina neno tena."

"Unalo."

"Neno gani?"

"Hilo unalolizunguka tangu steji."

"Nataka kukuoa," Dawood akasema, akiwa na mguu mmoja majini na mwingine kwenye matope. "Nimelisema. Sasa ulikuwa unangoja nilisemee msikitini?"

"Ulisemee kwa mama yangu," Abdia akasema, na furaha yake ikaingia baridi hapohapo. "Dawood, mama hatakubali."

"Basi hatakubali mbele ya macho yangu. Sitakimbilia Kisumu kabla hajaniambia mwenyewe."

Walikuja nyumbani kwa kina Abdia Jumapili baada ya alasiri, Dawood na ami yake Mukhtar, mzee wa Hola wa kanzu nyeupe na koti la kijivu, na shangazi mmoja aliyebeba kikapu. Abdia alikuwa chumba cha ndani na Lorna, nyuma ya pazia, dera lake la dhahabu limemshika jasho mgongoni. Farah naye alikuwa sebuleni kwa niaba ya ukoo. Asubuhi alikuja kusema, bila kumtazama usoni, kwamba yeye alisema tu, hakujua litafika wapi.

Mzee Mukhtar alizungumza kwa utaratibu na heshima. Alieleza ukoo wao, kazi ya kijana, na nia iliyowaleta. Alipomaliza, mama yake Abdia akaanza kupanga upya vikombe tupu vilivyokuwa mbele yake. Nyuma ya pazia Lorna akamkamata Abdia mkono.

"Mimi sina neno na samaki," mama akasema hatimaye. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kila neno akilipima kabla ya kulitoa. "Kijana, mimi nauliza wewe, si mzee. Ile miaka mibaya, nilikimbia na huyu mtoto mgongoni, na wa kwenu walikimbia pia. Najua. Kila mtu alikimbia. Sasa, siku moja, Mungu aepushe, kelele za mto zirudi. Watu wako upande ule, watu wangu upande huu. Wewe utasimama wapi?"

Abdia akafumba macho.

"Mlangoni kwake, mama," Dawood akasema. "Na kama wewe uko ndani, mlangoni kwako pia. Atakayetaka kuingia, wa huku au wa kule, atanikuta mimi kwanza."

Mama akakitazama kikombe tupu kilichokuwa mbele yake. Akakisukuma kidogo kuelekea kwa Dawood.

"Umejibu upesi," akasema. "Anayejibu upesi hivyo alikwisha kujiuliza mwenyewe." Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye pazia: "Abdia! Chai iko wapi? Wageni wamekaa kavu tangu saa hizo, watasema kwa Waorma hakuna maziwa!"

Abdia akajikuta amekaa juu ya kitanda, mikono kwenye mashavu, na Lorna anapigapiga miguu sakafuni kwa furaha isiyotakiwa kusikika sebuleni.

Simu ikatetemeka mapajani mwake. Ulikuwa ujumbe kutoka upande wa pili wa pazia.

"Umesikia?"

Akaandika: "Nimesikia."

"Naweza kupumua sasa?"

Abdia akacheka hadi machozi yakamdondokea juu ya kioo cha simu. Akayafuta kwa kidole, akaandika:

"Pumua, mpenzi. Naleta chai."